Maji ya Huku Yanataka Magadi

Lilishuka stesheni ya Tabora usiku, sanduku la mbao
lenye mishale miwili ya kuelekeza juu,
na wapagazi wakalilaza ubavu.
Ndivyo tulivyoanza.

Asubuhi mlango wa maabara ukapungua vidole vinne.
Kapela, fundi bomba, hakuuliza mtu:
aling'oa fremu, akaiegemeza kwenye mpera,
tukauingiza mtambo ubavuubavu
kama bibi harusi mnene, asichafue shela.

Eliufoo, aliyetumwa na kampuni kutoka Dar,
akaweka pimamaji juu yake.
Kiputo kikakimbilia dirishani.
Sakafu hii, nikamwambia, imeinama tangu imwagwe;
kalamu ikianguka hapa tunaiokota kule.
Akakaza mguu mmoja, akalegeza mwingine,
magoti chini, shavu kwenye saruji,
hadi kiputo kikasita, kikarudi, kikakubali.

Bomba la kuingia. Bomba la kutoka.
La kutoka lisiende mtaroni, nikasema,
bata wa muuguzi mkuu wanakunywa pale.
Kapela alicheka, lakini alichimba,
siku mbili, akazika pipa la machafu.
Kisha umeme: stabilaiza, betri, taa ya kijani
ikawaka, ikazimika, ikawaka.

Miaka kumi na tisa nimepaka rangi kwa mkono,
mtungi hadi mtungi, zailini, spiriti, maji, zambarau,
nikihesabu kwa mdomo maana saa ya ukutani ilikufa.
Simu ikilia napoteza hesabu,
na kipande cha nyama ya mtu kinalipia.
Muuza asali sokoni huziangalia kucha zangu:
"Kalunde, kwenu mizambarau huzaa mwaka mzima?"

Mtambo una mkono mmoja na hausikii simu.
Unainua, unachovya, unangoja, unainua.
Tulisimama tukiutazama kama watu wanaotazama mtu akila.

Slaidi zikatoka. Ya kwanza nikaiweka chini ya hadubini.
Viini vya seli: vyekundu. Wekundu wa kutu,
hakuna buluu hata ya kuombea.
Eliufoo akafungua kitabu. Akapiga simu Dar.
Dar wakasema ongeza muda.
Akaongeza. Kutu ileile.

Nilinyamaza, na sitaficha: nilifurahi.
Halafu nikasoma penseli kwenye pembe ya kioo,
mia na kumi na nane, titi la kushoto, Sikonge,
na furaha ikanitoka kama hewa kwenye tairi.

"Maji uliyounga ni ya tangi la mvua," nikasema.
"Yana uchachu. Rangi haigeuki humo.
Mimi huyatia magadi."
"Magadi gani?"
"Ya maharage."

Ya jikoni aliyakataa, na alikuwa na haki.
Tukaenda famasi kuomba ile nyeupe, yenye lebo,
akaipima kwenye mizani hadi nukta ya pili,
kile ambacho vidole vyangu hukiokota tu.
Tukaanza upya.

Buluu ilikuja.
Kila kiini na mpaka wake, kila mpaka na nyumba yake,
mtaa mzima umewasha taa.
Mimi sisomi; Daktari Ntahondi ndiye asomaye, kesho.
Zamani kipande hiki kingepanda basi kwenda Mwanza,
na mama wa Sikonge angehesabu masoko sita
kabla jibu halijarudi.
Sijui kesho atahesabu nini.

Eliufoo akabandika karatasi ubavuni mwa mtambo,
kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka ya treni:
*Tabora: usisahau magadi.*
Hakuandika jina langu. Sikumwomba.

Usiku nikaosha sahani nyumbani,
nikashtuka nazichovya mojamoja, nikihesabu.

Fremu ya mlango bado iko kwenye mpera.
Kapela anasema kesho.